Swali Ambalo Mama Namba Hakuuliza

Kwa miaka mitatu hakuna mtu wa kampuni ile aliyeweza kuingia kwenye mfumo akiwa nje ya ofisi bila kupita kwa mwanamke mmoja. Wauzaji waliokuwa safarini, mhasibu aliyelala nyumbani na mguu wenye plasta, hata Mkurugenzi mwenyewe, wote walimpigia yeye. Walimwita Mama Namba, na jina hilo likamkaa hadi lile alilopewa na wazazi wake likabaki la kwenye kitambulisho tu.

Kampuni ilisambaza dawa na vifaa vya hospitali. Mbele ilikuwa ofisi, nyuma ghala, na katikati ukuta wenye dirisha pana la kioo. Mama Namba alikuwa karani wa ghala kwa mwaka wa kumi na tisa. Aliandika kila mzigo ulioingia na kila mzigo uliotoka, na hakuna gari lililoondoka bila saini yake kwenye hati.

Namba zilimjia kwa sababu ya uaminifu wake. Waliouza mfumo walieleza kwamba neno la siri peke yake halitoshi kwa mtu anayeingia kutoka mbali, kwa kuwa maneno ya siri huibwa kila siku. Ni lazima mfumo umtumie mtu huyo namba sita kwenye simu yake, na yeye aziandike haraka ndipo afunguliwe. Kila mtu asajili simu yake. Mkurugenzi alikataa. "Hawa wangu wanabadilisha laini kama soksi," alisema. Akanunua simu moja ndogo ya vitufe, akasajili wafanyakazi wote kumi na watatu waliokuwa wakiingia kutoka nje kwenye laini hiyo moja, na simu akampa karani wa ghala, ambaye hakuwahi kukosa kazini wala kuacha kitu chake mahali.

Hivyo ndivyo ofisi ile ilivyofanya kazi. Muuzaji akiwa mji mwingine anaandika neno lake la siri, namba inalia kwenye simu ya Mama Namba, muuzaji anampigia, naye anamsomea.

Ila hakusoma hivi hivi. Alijiwekea sheria: kwanza swali, kisha namba. Na swali lilikuwa la mambo ambayo mtu wa nje hawezi kuyajua. Siku moja alimnyima hata Mkurugenzi.

"Mama Namba, ni mimi."

"Sauti ni yako, Mzee, lakini sauti mtu huiga. Jana nilikuletea hati ngapi usaini?"

"Nitakumbukaje? Nne?"

"Tatu. Kumbuka vizuri kisha unipigie."

"Mama, mimi ndiye ninayekulipa mshahara!"

"Ndiyo maana nakulinda."

Mkurugenzi aliisimulia habari hiyo mwenyewe mbele ya wafanyakazi wote, akicheka hadi anapangusa macho, na akasema angekuwa na watu watano kama yule angelala usingizi. Mama Namba aliinamisha kichwa kwa adabu. Moyoni aliyaweka maneno yale kama mtu anavyoweka nguo ya sikukuu.

Aliyemwondolea hayo yote alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Na yeye mwenyewe ndiye aliyemleta. Miaka sita nyuma alimwombea kazi ya usafi, akamfundisha mpangilio wa ghala, akamwonyesha nani anapenda kuamkiwa na nani asisumbuliwe asubuhi. Binti akawa anafagia mchana na jioni anasoma mambo ya kompyuta. Akaanza kuzibua karatasi zilizokwama kwenye mashine ya kuchapa, kisha kutengeneza kompyuta za watu, kisha watu wakawa hawaiti fundi wa nje tena. Mwezi ule Mkurugenzi alimpa kazi rasmi ya kusimamia mfumo, meza mbele ya dirisha la kioo, na kiti cha magurudumu. Jina lake likawa Fundi.

Jambo la kwanza Fundi alilofanya ni kuandika kwamba ile simu ya vitufe iondolewe. Kila mtu awe na programu kwenye simu yake mwenyewe. Mtu akitaka kuingia kutoka mbali, kompyuta inamwonyesha namba, simu yake inamuuliza kama ni yeye, naye anaiandika namba hiyo kwenye simu kwa mkono wake. Hakuna wa kumsomea mwenzake chochote.

Alikwenda ghalani kumweleza dada yake kabla wengine hawajasikia. Huo ulikuwa uungwana. Haukupokewa hivyo.

"Dada, si kwamba unakosea. Tatizo ni mtu mmoja kushika funguo za watu kumi na watatu. Simu hiyo ikianguka tu sokoni, tumekwisha."

"Miaka mitatu imeanguka mara ngapi?"

"Haijaanguka."

"Mmeibiwa nini?"

"Hatujaibiwa, dada, lakini—"

"Basi ulikuwa unatafuta pa kuanzia kazi, ukaona uanzie kwangu. Haya. Ufagio nilikupa mimi, nifagie."

Fundi alinyamaza. Alikuwa amezoea kunyamaza mbele ya dada yake, na dada aliona kwamba hata huko kunyamaza sasa kulikuwa na kiburi cha mtu mwenye cheo.

Wivu huo haukuanzia ofisini. Mama yao mzazi, mzee asiyeona vizuri, alikaa kwa Mama Namba. Yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemkata kucha, aliyejua dawa ipi ni ya kabla ya chakula na ipi ni ya baada. Jumapili ile Fundi alikuja kwa saa moja, akaichukua simu ya mama, akakuza maandishi yakawa makubwa kama ya bango, akaondoka. Mama alifurahi kupita kiasi. Kila jirani aliyepita aliitiwa aone. "Huyu mdogo amechukua akili za baba yao," alisema, huku Mama Namba akiwa amepiga magoti anamfunga kamba za viatu. Alizikaza zaidi ya ilivyohitajika. "Unaniumiza, mwanangu," mama akasema. Akazilegeza bila kujibu.

Jumatatu watu walianza kusajiliwa. Kutoka ghalani, kupitia kile kioo, Mama Namba aliona kila kitu bila kusikia neno, na hilo lilikuwa baya kuliko kusikia. Aliona wauzaji wakisimama kwenye foleni na simu zao mkononi. Aliona mmoja akichomoa kiti akamsogelea Fundi, mwingine akimletea chai. Chai ile ilikuwa ikiletwa ghalani. Watu waliokuwa wakianzia siku yao kwenye meza yake, "Mama Namba, nasafiri leo, usinisahau," sasa walimpungia mkono kupitia kioo kama watu walio ndani ya basi.

Muuzaji mmoja waliyemwita Mdomo, kwa sababu wake haukuwahi kufungwa, aliingia ghalani kuchukua sampuli.

"Mama Namba, sasa tukuiteje? Mama Mstaafu?"

"Niite unavyotaka. Bado gari lako linatoka kwa saini yangu."

"Kwa hiyo ni Mama Saini! Umepandishwa cheo!"

Wapakiaji walicheka. Naye alicheka, kisha akarudia kuhesabu maboksi aliyokuwa ameshayahesabu.

Fundi alifungua kikundi cha ujumbe kwenye simu, humo akawa anaandika maelekezo ya mfumo mpya. Mama Namba alikizima sauti siku ya kwanza. Hakujitoa humo, maana watu wangeona. Alikiacha tu kijae ujumbe asioufungua, na kila alipoona idadi inaongezeka alijisikia ameshinda kitu.

Kufika Jumatano watu kumi na wawili walikuwa wameshahamishwa. Aliyebaki kwenye simu ya vitufe alikuwa Mkurugenzi peke yake, kwa sababu kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka na ilikuwa kwa fundi wa simu mjini hadi Ijumaa. Mama Namba aliibeba ile simu mfuko wa kifuani, upande wa moyo, mbali na funguo.

Saa saba na robo mchana ililia. Namba sita zikaingia. Muda huohuo simu ya mezani ikaita.

"Mama, habari za kazi? Mimi ni msaidizi wa Mkurugenzi huku kwenye mkutano. Amekaa mbele na wakubwa, hawezi kutoka. Anataka kuingia kwenye mfumo aonyeshe orodha, ameniambia nikuombe namba."

Swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini mwanamume yule aliendelea.

"Nimeanza kwa binti mmoja hapo, nadhani anaitwa Fundi. Amenijibu vibaya, mama! Kama nimemwomba figo. Anasema mpaka Mkurugenzi apige mwenyewe. Sasa nikamwambia mzee, akasema, 'Achana na huyo mtoto, mtafute Mama Namba, ndiye mwenye ofisi.'"

Ndiye mwenye ofisi. Wiki nzima hakuna aliyemwambia neno kama hilo. Mama Namba alitazama kupitia kioo. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kile kiti, anazunguka nacho nusu duara, anamwelekeza Mdomo kitu, wote wawili wanacheka. Kumuuliza mtu huyu swali kungekuwa kufanya kama alivyofanya yule. Akataka kuwa tofauti. Akataka ijulikane huko mkutanoni kwamba Fundi alikwamisha na Mama Namba akafungua.

Hakuuliza. Alisoma namba zote sita, polepole, na kwa heshima.

"Mungu akubariki, mama," alisema mtu yule, akakata.

Nusu saa ilimpita katika raha kubwa. Kisha Mkurugenzi akaingia ghalani kwa miguu yake, anatafuna kijiti cha meno.

"Mzee, mkutano umeisha mapema?"

"Mkutano gani? Nilikuwa nakula."

Akapita kwenda ofisini kwake. Mama Namba alibaki amesimama. Akatoa simu yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akakifungua kile kikundi. Ujumbe wa mwisho wa mdogo wake ulikuwa wa saa saba na dakika tano: "Kuna mtu anapiga anajifanya msaidizi wa Mzee. Anaomba namba. Asipewe. Dada, tafadhali, hasa wewe."

Hasa wewe. Hata wakati ule alipata nafasi ya kuchukia maneno hayo mawili.

Kutoka meza yake hadi ya Fundi kulikuwa na hatua kumi na tano. Hakuzichukua. Alijiambia labda mtu yule hakuwahi kuandika namba kwa wakati. Alijiambia labda alitaka kutazama tu. Mtu mwenye wivu hakosi la kujiambia.

Mashine ya kuchapa ya ghala ikaanza kutoa karatasi. Ilikuwa hati ya kutoa mzigo: masanduku kumi na sita ya insulini kutoka chumba cha baridi, yapelekwe kituo fulani cha afya, imeidhinishwa na Mkurugenzi. Dereva alikuwa ameshaona agizo kwenye simu yake, akaja anapiga mluzi.

"Mama, Mzee leo kanituma pageni. Huko unakujua?"

Hakukujua. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuandika jina la kituo kile. Na masanduku yale aliyajua vizuri sana: yalikuwa ya hospitali tatu, zenye wagonjwa waliokuwa wakiyasubiri yafike kesho asubuhi.

"Subiri," alimwambia dereva. "Kipimajoto cha gari kina matatizo. Sisaini mpaka kitazamwe."

"Kipimajoto ni kizima, mama, nimekiangalia asubuhi."

"Nimesema subiri!"

Dereva alinyanyua mikono, akaenda kukaa kivulini. Mama Namba akaikunja ile hati mara nne. Akapumua. Hivyo ndivyo ingewezekana: yeye hasaini, mzigo hauondoki, Ijumaa Mkurugenzi anapata simu yake, na hakuna mtu duniani anayejua. Zaidi ya yote, yule pale nyuma ya kioo hajui.

Mashine ikalia tena. Hati ya pili: glavu na sindano, kituo kilekile. Akaishika ingali na joto la wino. Ya tatu ikafuata kabla hajamaliza kuisoma.

Ndipo alipoelewa. Yeye angeweza kuzuia gari. Mkono uliokuwa ndani ya mfumo hangeweza kuuzuia, na hakujua ungegusa nini kingine ambacho hakichapwi kwenye karatasi. Mtu mmoja tu angeweza kuufunga, na alikuwa amekaa hatua kumi na tano kutoka pale, anacheka, kwenye kiti cha magurudumu.

Alikwenda. Hati tatu mkononi, uso umekakamaa. Mdomo alimwona akafungua kinywa aseme la kuchekesha, akamtazama tena, akakifunga.

"Tupishe," Mama Namba alimwambia. Mdomo akatoka bila neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Dada, kuna nini?"

"Nimetoa namba ya Mzee."

"Kwa nani?"

"Kwa yule uliyemnyima."

Fundi hakuuliza kwa nini. Mikono yake ilikuwa imeshageukia kibodi. "Saa ngapi?"

"Saa saba na robo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika arobaini. Fundi aliitazama mara moja, akaendelea na kazi. Alimtupa nje yule mtu aliyekuwa ndani kwa jina la Mkurugenzi. Akaifungia akaunti, akafuta hati tatu na nyingine mbili zilizokuwa njiani, akalifuta jina la mtumiaji mpya ambaye yule mtu alikuwa ameshamuunda ili kesho apite bila kuomba namba ya mtu. Yote hayo yalichukua dakika sita. Mama Namba alisimama nyuma yake na kumtazama. Alitaka mdogo wake akosee, hata kidogo tu, hata herufi moja. Hakukosea. Na aibu yote ile haikutosha kumzuia kuona jinsi vidole vile vilivyokuwa vyepesi, na kuvionea kijicho.

"Neno la siri la Mzee walikuwa nalo," Fundi alisema hatimaye. "Ni lilelile la miaka yote, nusu ya mji inalijua. Ilikuwa imebaki namba tu."

"Nifokee basi."

"Nikufokee wewe, dada? Nianzie wapi?"

Jioni, wengine wakijiandaa kutoka, Fundi alimwita. Kwenye kompyuta kulikuwa na taarifa ambayo Mkurugenzi angeisoma mbele ya wote kesho asubuhi. Mama Namba aliinama akaisoma. Saa zilikuwepo, hati zilikuwepo. Palipotakiwa kuelezwa mtu yule alivyoingia, paliandikwa: "Alipitia udhaifu wa utaratibu wa zamani wa simu moja."

"Mimi siko humu," alisema.

"Si uongo. Utaratibu ulikuwa dhaifu, na si wewe uliyeuweka. Mzigo haujapotea, dada. Hakuna haja ya mtu kujua zaidi."

Mama Namba alivuta kiti cha mgeni akakaa. Huruma ile ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyomchoma. Aliona miaka iliyokuwa mbele yake: kila Jumapili mdogo wake akija kwa mama, kila asubuhi wakikutana mlangoni, na katikati yao jambo ambalo mmoja amemfichia mwenzake. Angekuwa amenyang'anywa namba, meza, chai na sifa za mama, na sasa angekuwa pia mtu wa kusitiriwa. Heri barua ya onyo.

"Andika mimi."

"Dada, utapewa barua."

"Nipewe."

"Mama atasikia."

"Masikio yake ni mazima, tatizo ni macho. Niachie hapo."

Fundi akampisha kwenye kiti. Mama Namba akaandika kwa vidole viwili, na Fundi akasimama kando mikono amefumbata. Aliandika kwamba yeye, karani wa ghala, alimsomea namba mtu asiyemjua. Kwamba alikuwa na desturi ya kuuliza swali na siku hiyo hakuuliza. Kwamba onyo lilitumwa dakika kumi kabla naye hakulisoma kwa sababu ya aliyelituma. Kwamba alijua kosa lake saa saba na dakika arobaini na tano, akalinyamazia karibu saa nzima. Alipofika hapo alisimama kidogo, akaongeza: kwa wivu.

"Hilo si lazima," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Ndilo hasa lililotokea."

Lazima isemwe kwamba hakufanya hivyo kwa moyo safi. Sehemu kubwa ilikuwa kiburi. Lakini ukweli ulioandikwa kwa kiburi ni ukweli bado, na kesho yake ulisomwa wote, neno kwa neno, mbele ya watu waliokuwa wakimpenda. Mkurugenzi alilisoma hata lile neno la mwisho. Hakuna aliyecheka. Mdomo alitazama viatu vyake. Barua ya onyo ilitolewa palepale, na Mama Namba akaisaini kwa mwandiko uleule wa kwenye hati za magari.

Kisha Mkurugenzi akamsifu Fundi. Akasema kuanzia siku hiyo kila mtu atakuwa na programu kwenye simu yake, awe anaingia kutoka nje au amekaa humu ndani, na kwamba yeye mwenyewe amebadilisha neno lake la siri. Watu wakapiga makofi marefu. Mama Namba alipiga pia. Mikono ilikuwa mizito na kifuani kulikuwa na kitu kile kile, kimeamka naye, kimekunywa naye chai, kimekuja naye kazini. Hakujidanganya kwamba kimeondoka.

Watu walipotawanyika alikwenda moja kwa moja kwenye meza iliyo mbele ya kioo, akasimama.

"Leo hujaniamkia."

Fundi aliinuka haraka. "Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akavuta kiti cha mgeni, akaweka simu yake juu ya meza. "Haya, nisajili. Na uende polepole, mimi si Mdomo."